Meseji ya kikumbusho cha kliniki ni nini?

Ni ujumbe mfupi ambao kompyuta humtumia mzazi au mgonjwa ili asisahau siku yake ya kliniki. Kwa mtoto, tarehe huhesabiwa tangu kuzaliwa: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18. Hautaki intaneti, hata simu ndogo ya mulika mwizi inaupokea.

Tuseme zahanati ya Ng'ombeni, iliyo upande wa Kwale katika pwani ya Kenya, inamwandikia mama:

"Habari mama. Mlete mtoto zahanati ya Ng'ombeni Jumatano 14 Mei, saa 2 asubuhi. Beba kitabu chake. Huwezi kuja? Jibu HAPANA, ni bure."

Ukihesabu nafasi na alama, ni herufi 132, na kikomo ni 160. Sasa itazame ile alama ya juu kwenye Ng'ombeni. Ukiandika kwenye programu ya hati kisha ukanakili, alama iliyonyooka hugeuzwa iliyopinda, nayo haimo katika herufi za kawaida za meseji. Alama hiyo moja huuhamisha ujumbe wote kwenye mpangilio wenye kikomo cha herufi 70, ukakatwa vipande viwili, na gharama ikawa maradufu. Msomaji haoni tofauti. Mlipaji ndiye huiona, bili ikija.

Linaloumiza zaidi ni saa. Kompyuta imeweka 08:00, programu iliyotafsiriwa kivivu ikaandika "saa 8", na mama akafika na mtoto mgongoni wakati chanjo zimesharudishwa kwenye friji. Mfumo uondoe 6: 08:00 ni saa 2 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Neno "asubuhi" lisikatwe hata nafasi ikibana.

Wala usiandike "kesho". Simu iliyoisha chaji hupokea ujumbe ikishawashwa, pengine siku ya pili, na hiyo kesho ikawa imeshapita. Taja siku na tarehe.

Halafu kuna simu ya nyumba nzima, ambayo laini yake mara nyingi ni ya baba. Ujumbe usitaje ugonjwa wala dawa. Kwa kliniki ya kifua kikuu au ya virusi vya UKIMWI, "Una miadi Jumatano 14 Mei" yatosha. Wakati wa kuandikisha, muulize mhusika nani mwingine huishika simu hiyo, na kama anakubali kutumiwa ujumbe. Ipigie palepale ilie mbele yako, maana tarakimu moja ikikosewa, habari za mtu zitamwendea mgeni.

Asiyesoma apigiwe simu yenye sauti iliyorekodiwa, kwa Kidigo au Kiduruma kama ndiyo lugha yake.

Jibu nalo lina masharti. Ujumbe unaomwonyesha mtumaji kwa jina badala ya namba haujibiki, kwa hiyo kodisha namba fupi isiyomkata mtumaji pesa. Na HAPANA ikiingia, awepo muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii wa kuiona siku hiyohiyo na kupanga tarehe nyingine.