Kwa nini benki 9,000 zilianguka Marekani, na Kanada isianguke hata moja?

Kati ya 1930 na 1933, takriban benki 9,000 zilifungwa Marekani. Jirani yake Kanada haikupoteza hata moja, ingawa mdororo wa uchumi uliipiga vikali nayo pia. Tena Wakanada hawakuwa na benki kuu hadi 1935, wala bima ya amana, inayowalipa wenye akiba benki inapofilisika, hadi 1967, ilhali Marekani ilikuwa imeunda benki kuu yake kwa sheria ya 1913. Kinga hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye sheria ya matawi. Katiba ya Kanada ya 1867 iliweka shughuli zote za benki chini ya bunge la shirikisho, zikakua benki chache zenye matawi nchi nzima. Marekani, majimbo nayo yalitoa leseni, na mengi yalibana ufunguaji wa matawi. Kwingine benki haikuruhusiwa hata tawi la pili. Sasa itazame benki ya mji mdogo wa wakulima: amana ni za wakulima, mikopo ni ya wakulima haohao. Bei ya ngano ikiporomoka, wadaiwa wanashindwa kulipa wakati uleule wenye akiba wanapopanga foleni kutoa pesa. Tawi la Kanada katika mji kama huo lingeletewa fedha kutoka Toronto au Montreal.

Vizuizi hivyo vya matawi Marekani vilidumu kwa makusudi, si kwa nasibu. Wenye benki ndogo hawakutaka ushindani, na wakulima wengi waliziogopa benki kubwa za mijini. Ikabidi ingojwe sheria ya 1994 ndipo benki ziruhusiwe kote kufungua matawi nje ya majimbo yao. Ndiyo maana naona tunakosea tunapolaumu tamaa ya wenye benki peke yake, tukawasahau waliopiga kura bungeni.

Utamaduni nao una nguvu zake. Italia ina sheria moja, lakini utafiti wa wachumi Guiso, Sapienza na Zingales wa 2004 ulionyesha kwamba katika mikoa yenye kuaminiana zaidi, watu hukaa na pesa taslimu kidogo na hutumia hundi zaidi. Kwingine hukopa kwa ndugu na marafiki. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa hasa pale mahakama zilipokuwa dhaifu.

Na dini? Uislamu unaharamisha riba, hivyo katika murabaha benki hununua mali yenyewe, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu waliyokubaliana, ailipe kwa awamu. Uingereza, nyumba iliyopatikana hivyo ilidaiwa ushuru wa stempu mara mbili: benki inaponunua, na mteja anapouziwa. Waislamu walioshika imani yao wakalipa zaidi ya majirani zao, hadi sheria ya fedha ya 2003 ilipoufuta ushuru wa pili.