Mzigo ukishikiliwa nje, kufunga mpaka sio hatua ya kwanza

Siku hizi sisi tunaoshughulikia malalamiko ya mizigo iliyozuiwa nje, kila tukikaa na wafanyabiashara wa mahindi Kibaigwa au wa alizeti hapa Dodoma mjini swali ni hilohilo, mali ya mwenzetu imeshikiliwa nchi jirani, kwa nini serikali isipige marufuku bidhaa zao na wao wakome? Hasira naielewa, mtu kaweka mtaji wake wote kwenye fuso moja. Ila tuelewane jamani.

Kushikiliwa sio kutaifishwa. Mzigo uliozuiwa kwa sababu ya karatasi bado ni wako. Kutaifishwa ni pale serikali ya kule inapochukua mali ikawa yake, na hapo sheria za kimataifa zinataka ulipwe fidia. Tumelisema hili mara nyingi na bado watu wanachanganya.

Na hata ikiwa imetaifishwa kweli, marufuku hairudishi mali. Kuba ilichukua mali za makampuni ya Marekani mwaka 1960, Marekani ikapunguza sukari iliyokuwa inanunua kwao, Oktoba ikazuia karibu bidhaa zake zote kwenda Kuba, Februari 1962 ikafunga biashara karibu yote. Madai 5,913 yalithibitishwa, thamani kama dola bilioni 1.9, na zaidi ya miaka 60 baadaye wenye madai bado hawajalipwa na Kuba. Tofautisha na ile ndege yetu ya Air Tanzania iliyozuiwa Johannesburg, Afrika Kusini, Agosti 2019, mkulima mmoja alikuwa anadai fidia ya mali iliyotaifishwa huku kwetu miaka ya 80, akaenda mahakamani, na serikali yetu ikajibu mahakamani na mwezi uliofuata ndege ikaachiwa. Hakuna aliyefunga mpaka.

Mtaniambia mbona Aprili 2025 Bashe, Waziri wa Kilimo wakati ule, alizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Ndio, ila alikuwa anajibu makatazo ya nchi hizo dhidi ya mazao yetu, sio mzigo wa mtu mmoja, na zuio liliondolewa ndani ya siku chache ili mazungumzo yaendelee. Mpaka ukifungwa anayelala na roli Kasumulu, mpakani na Malawi, ni wewe huyohuyo.

Sasa utaratibu. Mzigo ukishikiliwa dai barua yenye sababu, tarehe na jina la kituo, maneno ya mdomo ya getini hatuwezi kuyafanyia kazi. Weka pamoja kibali cha kusafirisha nje, cheti cha uasili (kinachoonyesha mali imetoka nchi gani), cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na ankara, vyote viwe na jina moja na uzito mmoja. Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tunalipeleka kama kikwazo kisicho cha kiforodha, yaani kizuizi cha biashara ambacho sio ushuru, kuna sheria yake ya 2017. Ukitaka kushtaki nchi husika kwenye Mahakama ya Jumuiya pale Arusha una miezi miwili tu tangu ulipojua tukio, na siku zinahesabika hata zile unazomsubiri dalali akumalizie. Na ukileta cheti cha kughushi kesi inageuka ya kwako, kifungu cha 203 cha sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 ni jela hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000.

Kwa hiyo msitutumie sauti kwenye grupu la wasap saa nne usiku, leteni barua na karatasi ofisini mapema, tukiwa nazo ndio tunaweza kuandika kwa wenzetu wa upande wa pili.