Mtoto Aliye Tumboni Hana Damu ya Mama Yake
Imezoeleka kusemwa kwamba mtoto aliye tumboni hupitiwa na damu ya mama yake, na kwamba ndiyo maana wawili hao ni damu moja. Usemi huo unafaa kwa undugu, lakini kibiolojia haukubaliki. Damu ya mtoto hutengenezwa na mwili wake mwenyewe na husukumwa na moyo wake, ambao huanza kupiga wiki chache tu baada ya mimba kutungwa. Damu hizo mbili hukaribiana kwenye kondo la nyuma: humo, vishipa vya mtoto vilivyomo ndani ya vijitawi vidogo mithili ya mizizi huzungukwa na damu ya mama, na katikati hubaki utando mwembamba unaopitisha oksijeni, glukosi na kingamwili, huku kabonidioksidi ikirudi upande wa mama. Seli chache huweza kupenya, hasa wakati wa kujifungua, ila huo si mkondo wa damu kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo mama wa kundi la damu O huweza kumzaa mtoto wa kundi A, iwapo jeni ya A imetoka kwa baba. Kinachorithiwa ni kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni: 23 za yai na 23 za mbegu ya kiume.