Habari zinazokuja kimyakimya

Mimi ni mkutubi wa maktaba ya kitabibu. Kwa miaka mingi nimewatafutia madaktari na wagonjwa habari za saratani ya matiti na ya ovari, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: "Nitajuaje kuna jipya?" Jibu langu ni mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari mpya za tovuti inayokufikia yenyewe, na wepesi wake siyo sababu yangu kubwa.

Chukua dawa ya olaparib. Desemba 2014 Marekani iliiruhusu kwa wanawake wenye saratani ya ovari iliyokomaa, waliorithi hitilafu ya jeni za BRCA (hitilafu inayoongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari) na waliokwisha kutibiwa kwa tibakemikali mara tatu au zaidi. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kundi lake kuruhusiwa, na watu walishangilia kwa haki. Mwaka 2022 ruhusa hiyo mahususi iliondolewa, kwa sababu uchambuzi wa jaribio la SOLO3 ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo huenda waliishi muda mfupi kuliko wenzao waliopewa tibakemikali. Dawa yenyewe haijafutwa. Bado hutumika kuchelewesha ugonjwa usirudi baada ya tibakemikali ya mwanzo kufanya kazi yake. Lakini aliyesoma habari ya 2014 na kuikosa ya 2022 ana nusu ya habari, na nusu hiyo inaweza kumdhuru. Habari njema huja kwa vigelegele. Masahihisho huja kwa notisi fupi ambayo hakuna anayemtumia mwenzake.

Mlisho haubagui. Ni faili tu ndani ya tovuti, linaloorodhesha kila kipya kilichowekwa: kichwa, muhtasari, tarehe na kiungo. Programu ya kusomea hulipitia kila baada ya muda na kukukusanyia. Hakuna anayekupangia kitakachokusisimua, kwa hiyo notisi ya kuondolewa kwa dawa hukaa kwenye orodha ileile na tangazo la mafanikio. Tena hutoi barua pepe yako. Kwangu hilo ni zito, maana mtu aliyetoka kupokea majibu ya kipimo cha jeni hastahili jina lake lizagae kwenye orodha za wauzaji.

PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za kitabibu, inakuwezesha kugeuza utafutaji wowote kuwa mlisho kwa kubonyeza kitufe. Kazi iko kwenye kuuandika utafutaji wenyewe. Ukiandika "saratani ya matiti" kwa Kiingereza na kuishia hapo, utafurikwa na makala hadi ukate tamaa ndani ya wiki. Ongeza jina la jeni au la dawa unayoifuatilia, kisha jibane kwenye majaribio ya nasibu, yale yanayogawa watu kwenye makundi kwa bahati, yaliyofanywa kwa binadamu. Mlisho huo mmoja, pamoja na wa mamlaka ya dawa na wa taasisi ya saratani unayoiamini, unatosha kuanzia.

Ukifungua makala, uliza kwanza kilichopimwa ni nini. Uingereza iliwahi kufuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wa umri wa miaka 50 hadi 74, katika utafiti wa UKCTOCS wa kuitafuta saratani ya ovari mapema. Baadhi yao walipimwa damu kila mwaka kutafuta CA125, protini inayoweza kuashiria saratani hiyo, na ultrasaundi ikafuata pale damu ilipotia shaka. Saratani nyingi zaidi zilionekana zikiwa bado changa, na kichwa cha habari kingeweza kuishia hapo. Matokeo ya mwisho, yaliyotoka 2021, yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Niliposoma niliumia, kwa sababu nami nilikuwa nimetumaini. Na hata matokeo hayo yana mpaka wake: wanawake wenye hatari kubwa ya kurithi hawakuwemo, hivyo mwenye hitilafu ya BRCA asiyachukue kama jibu lake.

Makala ikikugusa, ichapishe uende nayo kwa daktari wako kabla ya kubadilisha dozi yoyote.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Mlisho uliozoea kukuletea habari kila wiki ukinyamaza mwezi mzima, usidhani utafiti umesimama. Ingia kwenye tovuti yenyewe uangalie. Mara nyingi anwani ya mlisho imebadilishwa, na kisomeo chako kinaendelea kugonga mlango wa zamani.