Tal hakuwa mcheza kamari, na mwanao hachezi kama Tal

Jumamosi iliyopita dogo mmoja wa miaka 11 ninayemfundisha chesi alimtupa askofu wake kwenye mraba wa h7 katika michezo minne kati ya mitano. Mara zote nne askofu akaliwa, na mara zote nne farasi aliyepaswa kumfuata hadi g5 alikuwa bado zizini, g1, hajaguswa tangu kete zipangwe. Nilipomuuliza anafanya nini, akanijibu bila hata kuinua macho: "Ticha, nacheza kama Tal." Yaani Mikhail Tal, bingwa wa zamani wa dunia wa chesi.

Ningelimezea hilo. Lakini baba yake, aliyekuwa amekaa pembeni na simu mkononi, akaongeza lake: "Muache, Mwalimu. Hata huyo Tal mwenyewe alikuwa anabahatisha. Kompyuta zimeshamuumbua."

Mtoto anamsifu Tal kwa kuwa mcheza kamari, baba anamdharau kwa kuwa mcheza kamari. Wote wawili wanazungumzia mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Nimelisikia jambo hili mashindanoni, kwenye daladala, na mara moja hata msibani. Sasa naliandika, ili mwingine akinianza nimtumie kiungo na mimi niendelee na chai yangu.

Wasifu nitaupitia mbio kwa sababu si hapo penye ugomvi. Mikhail Tal alizaliwa Riga, Latvia, tarehe 9 Novemba 1936, mkono wake wa kulia ukiwa na vidole vitatu. Alisoma fasihi chuo kikuu na kwa muda mfupi akafundisha shule. Mwaka 1957 akawa bingwa wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1958 akarudia, na 1959 akashinda mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Humo alicheza michezo minne na Bobby Fischer, kijana wa miaka 16, na kumfunga yote minne. Mwaka 1960, akiwa na miaka 23, akamvua ubingwa wa dunia Mikhail Botvinnik kwa pointi 12.5 kwa 8.5. Wakamwita mchawi wa Riga. Kwao hilo lilikuwa jina la sifa, la mtu wa mazingaombwe. Kwetu mchawi hafanyiwi sherehe, na nadhani kidogo ya matatizo yetu yanaanzia hapo: tukisikia mchawi tunatafuta ndumba, hatutafuti hesabu.

Wapo hata wenzake waliozitafuta ndumba. Mwaka huo wa 1959 mpinzani wake Pal Benko alikuja mezani na miwani myeusi, eti macho ya Tal yasimlevye. Tal akaazima limiwani kubwa la mchezaji mwenzake Petrosian, akalivaa, akakaa nalo mbele yake. Ukumbi ukacheka, na Benko akafungwa.

Sasa tuje kwenye kafara yenyewe, yaani kutoa kete yako iliwe kwa makusudi. Hapa nitakaa.

Wengi wetu tumejifunza kufikiri kwenye drafti kabla ya chesi, na drafti imetufundisha vibaya kuhusu kutoa. Barazani ukimtegea mtu kete, hana hiari, lazima ale. Unatoa moja, unakula tatu, na kila kitu unakiona kabla hujainua mkono. Huo ni mtego, na mtego ni hesabu iliyofungwa. Chesi nayo ina mitego ya namna hiyo: unamtoa malkia, hatua tatu mbele mfalme wa mwenzako hana pa kwenda. Mimi siiti hiyo kafara. Huo ni mkopo wa siku tatu kwa mtu unayejua analipa.

Kafara za Tal zilizomfanya awe Tal ni za aina nyingine. Mpinzani ana hiari. Anaweza kula, anaweza kuacha, anaweza kula kwa njia mbili tofauti, na kila njia inazaa nyingine tano. Tal anapotoa farasi hapati malkia baada ya hatua tatu. Anachopata ni kwamba kete zake zote zimeamka huku za mwenzake mbili zimelala, mfalme wa upande wa pili amevuliwa shuka, na, hili ndilo linalosahauliwa kila siku, kazi yote imehamia kwa mpinzani. Kuanzia hapo Tal anatafuta hatua nzuri, na zipo nyingi. Mpinzani anatafuta hatua sahihi, na mara nyingi ipo moja tu, na saa inahesabu.

Chukua mchezo wa sita wa pambano la 1960, kule Moscow. Tal ana kete nyeusi, ufunguzi ni Mhindi wa Mfalme. Hatua ya 21 anamtua farasi f4, mahali ambapo askari wa g3 anamla bila jasho. Watazamaji wakapiga kelele kiasi kwamba Botvinnik alilalamika, na wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Botvinnik akamla farasi. Hatua ya 25 akafika njia panda: amle malkia wa Tal kwa ngome yake, au amle askari wa f3 kwa askofu. Akamla malkia. Ilibidi amle askari.

Hapo baba wa yule dogo anaruka: "Si unaona? Kafara ilikuwa mbovu!" Ndiyo, mzee wangu, lakini hukuhitaji kompyuta kulijua hilo. Walioligundua walikuwa watu wa enzi hiyohiyo, kwa ubao na kalamu, wakiwa wamekaa nyumbani, hawana saa inayowatazama. Botvinnik, bingwa wa dunia, mtu mwenye nidhamu kuliko wote waliowahi kukaa mbele ya ubao, hakuliona akiwa kitini. Injini, yaani programu ya kompyuta ya chesi, inayokuambia "jibu sahihi ni askofu kwa f3" inakuambia ukweli kuhusu nafasi ile. Haikuambii chochote kuhusu mtu wa miaka 48 aliyekuwa ameikalia.

Na kuna jambo la pili ambalo wapenda fataki hawalitaji. Mchezo ule haukuisha kwa mfalme mweupe kufukuzwa ubao mzima. Vumbi lilipotulia Tal alikuwa amerudisha alichotoa, malkia wote wameondoka, na alichobaki nacho ni mchezo wa mwisho wenye maaskofu wazuri. Akaumaliza taratibu, kama karani anayefunga hesabu za mwezi. Dogo wangu wa h7 hajawahi kuutazama mchezo huo kupita hatua ya 21. Nimemuuliza.

Kwa hiyo kafara ya Tal ilikuwa hesabu au hisia? Swali hili ndilo linalofanya watu wazima wagombane, na jibu bora nililonalo ni la kiboko.

Tal mwenyewe alisimulia mchezo wake na Evgeni Vasiukov, katika ubingwa wa Sovieti uliochezwa Kiev. Alikuwa anafikiria kumtoa farasi. Njia zilikuwa nyingi mno, zikaanza kujaa kichwani kama takataka, na ghafla akakumbuka shairi la watoto la Kirusi linalosema ni kazi ngumu iliyoje kumtoa kiboko kwenye kinamasi. Hakujua shairi limeingiaje. Lakini wakati watazamaji wakiamini anaukokotoa ubao, yeye alikuwa anawaza kiboko anatolewaje: kwa majeki, kwa wenzo, kwa helikopta, hata kwa ngazi ya kamba. Baada ya kuhangaika sana akakata shauri, kwa hasira: basi, na azame! Kiboko akatoweka. Tal akautazama ubao upya, akaona kwamba kafara ile haiwezi kukokotolewa hadi mwisho kwa sababu ni ya hisia, na kwa kuwa mchezo ungependeza, akaitoa. Akashinda. Kesho yake gazeti likaandika kwamba Tal, baada ya kuifikiria nafasi kwa uangalifu kwa dakika 40, alitoa kafara iliyokokotolewa kwa usahihi.

Watu husimulia hadithi hii kuonyesha kwamba hakuwa akihesabu. Soma tena. Alihesabu mpaka hesabu ikamwelemea, ndipo akaiachia hisia. Na hisia ile haikushuka na mvua. Ilijengwa na maelfu ya michezo ya haraka, na kazi aliyoifanya na kocha wake Alexander Koblencs, na nafasi nyingi za namna ileile alizokwisha kuziona. Mpishi wa pilau hapimi bizari kwa mizani, lakini usimwambie kwamba anabahatisha.

Sasa nipe nafasi ya kukasirika kidogo, kwa takwimu. Mcheza kamari hufungwa mara kwa mara, ndivyo kamari ilivyo. Kati ya Julai 1972 na Aprili 1973 Tal alicheza michezo 86 mfululizo bila kufungwa hata mmoja. Akafungwa, akajipangusa, kisha kuanzia Oktoba 1973 hadi Oktoba 1974 akacheza 95 bila kufungwa: ushindi 46, sare 49. Rekodi hiyo ilikaa hadi 2018, Ding Liren wa China alipofikisha 100. Kwenye olimpiadi nane alizoichezea timu ya Sovieti, Tal alicheza michezo 101 na kufungwa miwili. Miwili! Nitajie mcheza kamari mwenye hesabu hizo na mimi nitauza ubao wangu nikamfuate.

Wanaojua zaidi hunijibu kwamba Tal wa 1973 hakuwa Tal wa 1960, alishatulia. Ni kweli kwa nusu. Alijifunza kusubiri. Lakini hata kwenye pambano la 1960 lenyewe, mchezo wa 11, alianza na farasi f3, akajenga polepole, akamkamua Botvinnik kwa mtindo wa Botvinnik mwenyewe. Huo hauwekwi kwenye video zenye muziki wa vita.

Yapo nisiyoyatetea. Baadhi ya kafara zake zilikuwa mbovu waziwazi, na alijua ni mbovu. Kuna siku aliuza maneno matupu, mpinzani akanunua. Ule msemo wa kumpeleka mpinzani kwenye msitu wa giza ambako mbili na mbili ni tano, anaopachikwa kila mahali, umewaharibia vijana wengi kuliko ulivyowafaa. Viktor Korchnoi alikuwa dawa yake: ukimpa kete anakula, anajifuta mdomo, anajilinda mpaka moto wako uishe. Rashid Nezhmetdinov wa Kazan, ambaye hata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, hakuupata, alimfunga Tal mara nyingi kuliko alivyofungwa naye. Tal akamchukua awe msaidizi wake katika pambano la 1960, jambo linalonionyesha hakuwa mjinga.

Halafu kuna 1961. Botvinnik alitumia haki yake ya marudiano na kuuchukua ubingwa wake, 13 kwa 8, akishinda michezo kumi. Vitabu vinasema ni figo. Figo zilikuwa mbovu kweli: mwaka 1962 kule Curaçao alilazimika kuacha mashindano katikati na kulazwa, na Fischer akaenda kumtazama hospitali. Mwaka 1969 figo moja ikatolewa. Lakini mimi nikiicheza upya michezo ya 1961 naona pia mzee wa miaka 49 aliyefanya kazi yake ya nyumbani, akiviondoa vita ubaoni mapema, akimpeleka kijana kwenye nafasi kavu ambako hakuna cha kuchoma. Na naona kijana aliyekwenda vitani akidhani vita vilishakwisha. Ugonjwa ulichangia kiasi gani, na kiburi kiasi gani? Mizani yangu hubadilika kila ninapoirudia michezo ile. Mwaka huu nimeegemea kiburi.

Shaka nyingine inahusu kazi yangu. Mimi huwafundisha watoto wote wanaoanza hatua za mwisho kwanza, na Tal namficha kama pipi. Huenda nakosea. Alexei Shirov, mtoto mwingine wa Riga, alikua akimtazama Tal na akawa moto vilevile. Mimi nawakuza makarani, kisha nashangaa mbona hawachomi.

Miaka yake ya baadaye watu huiruka, na ndiyo niipendayo. Mwaka 1979, akiwa na miaka 42 na figo moja, aligawana nafasi ya kwanza na bingwa wa dunia Karpov kule Montreal, hakufungwa. Mwaka huohuo nyumbani Riga akashinda mashindano ya mchujo kwa pointi 14 katika michezo 17, tena bila kufungwa. Mwaka 1988 kule Saint John, Kanada, akiwa na miaka 51, akatwaa ubingwa wa dunia wa chesi ya haraka kwenye mashindano waliyokuwemo Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Karpov. Mei 1992 alitoka hospitali mjini Moscow kwenda kucheza mashindano ya haraka, na humo akamfunga Kasparov. Tarehe 28 Juni akafariki. Alikuwa na miaka 55.

Jana jioni nilimwita yule dogo, nikampangia ule mchezo wa 11. Baba akasogeza kiti naye atazame, simu akaiweka mfukoni. Tulipita hatua moja baada ya nyingine, nikimwomba abashiri kabla sijasogeza kete. Kila baada ya dakika mbili ananiuliza: "Ticha, kafara bado?" Namwambia subiri. Botvinnik alipokubali kushindwa, dogo aliutazama ubao, akanitazama mimi, akamgeukia baba yake.

"Huyu siye," akasema.