Jicho la tumboni, na mengine wanayosingiziwa wapenda vya ajabu

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka Newala, aliingia sebuleni, akatua kikapu, akakiona kinyago changu juu ya kabati, akarudi hadi mlangoni.

"Mwanangu, hilo dude lina jicho tumboni."

Kweli, linalo. Lina na mguu mmoja unaopanda, unapinda, unaishia kuwa sikio. Nililinunua Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachongaji, baada ya kuvutana bei karibu nusu saa. Shangazi alikubali kulala kwangu kwa sharti kwamba dude litazame ukutani.

Sikushangaa. Kwa miaka mingi nimependa vitu vya namna hiyo: vinyago visivyofanana na mtu wala mnyama, muziki unaokwenda kama umefukuzwa na mbwa, katuni za magazeti makuukuu, riwaya ambazo hujui mlango wake uko wapi. Maneno ninayoambiwa kwa ajili ya vitu hivyo nimeyazoea. Mengine ni utani tu, lakini mengine ni uongo mtupu unaorudiwa hadi unaonekana kweli. Haya ni baadhi yake.

"Vinyago vya mashetani ni vya kale, na ni vya uganga"

Hapa Shangazi mwenyewe alinisaidia bila kujua. "Wazee wetu hawakuchonga madude haya," alisema, na ndivyo ilivyo. Wazee walichonga mapiko, vinyago vya kuvaliwa na mchezaji, kwa mti mwepesi ambao kichwa kinaweza kuubeba. Mtindo wa shetani, kama wa dude langu, ni wa mjini. Ulizuka Dar es Salaam miaka ya 1950, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa, mmoja wa Wamakonde waliotoka upande wa Msumbiji, ambao wengi wao walivuka Ruvuma kutafuta kazi, hasa kwenye mashamba ya mkonge. Kazi zake alimuuzia mfanyabiashara Mohamed Peera. Kwa hiyo umri wa mtindo huu unakaribia ule wa Shangazi, na ulizaliwa uwe sanaa ya kuuzwa. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupungwa nao.

Hata ule upindaji una sababu. Mpingo ni mgumu na mara nyingi gogo lake limejipinda. Mchongaji wa sanamu za binadamu wa kawaida atakata sehemu iliyopinda aitupe. Wa shetani anaufuata mpindo huohuo kwa tezo na patasi, penye kifundo anatoa jicho, penye tawi anatoa mkono. Ukiligeuza dude langu utaona mgongoni wameacha mstari wa ule mti mweupe wa nje. Hapo ndipo nilipojua sijauziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.

Baadaye George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, aliyatoa mashetani hayo kwenye mti akayatia kwenye rangi. Yake yana masikio mapana na matumbo yaliyotangulia mbele, yanacheza ngoma, yanasengenyana. Sijui ni nani angeyaogopa. Mimi huyaona kama majirani zangu siku ya harusi.

"Singeli ni kelele za wahuni"

Hili ndilo nagombana nalo zaidi, kwa sababu hata mimi nililiamini. Mara ya kwanza nilipoisikiliza singeli, muziki wa mbio wa mitaa ya Dar es Salaam, kwa makini ilikuwa kwenye daladala, spika iko chini ya kiti changu, magoti yakitetemeka bila hiari. Nilidhani redio imeharibika.

Nyimbo nyingi za disko huwa karibu na mapigo 120 kwa dakika. Singeli huvuka 200, na nyingine hukaribia 300. Sikio linalotafuta kufuata kila pigo litachoka katika nusu dakika. Siri niliyoonyeshwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu ni kwamba usiyafukuze mapigo. Tafuta kile kipande kinachojirudia, mara nyingi ni kinanda au kipande cha taarabu kilichokatwa na kukimbizwa, halafu uache ngoma zipite juu yake kama mvua juu ya bati. Mabega yatajua la kufanya. Ukitazama wachezaji utaona hata wao hawachezi kila pigo. Huokota moja, huruka kadhaa.

Wala haikuanguka kutoka angani. Kabla yake kulikuwa na mchiriku: ngoma za Wazaramo wa pwani, kinanda kidogo cha Casio ambacho kwingine ni cha kuchezea watoto, spika kuukuu na betri ya gari. Zile sauti za kukwaruza zilitokana na vyombo hivyo kulazimishwa kupaza kuliko uwezo wao, na watu wakazipenda hivyohivyo. Singeli ilikulia Tandale, Manzese na mitaa mingine ya Dar es Salaam ya aina hiyo, kwenye vigodoro, sherehe za kukesha ambako watu hawategemei kulala mapema. Kuhusu uhuni, sikiliza maneno yenyewe. Utasikia kodi ya nyumba, mama mkwe, rafiki mnafiki, njaa. Matusi yamo pia, sitaficha. Hata kwenye taarabu yamo, ila yamevaa vizuri.

"Ni Wazungu ndio walioyaona kuwa sanaa"

Hapa kuna ukweli nusu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, wateja wake wakubwa walikuwa wageni wa Oyster Bay, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam. Mgeni alinunua, mchoraji akala. Lakini kununua kitu si kukibuni. Na kwa singeli hata hiyo nusu haipo. Mkusanyiko wa nyimbo wa *Sounds of Sisso* wa mwaka 2017, uliotokana na studio ya Mburahati, Dar es Salaam, na kuifikisha singeli kwa wasikilizaji wa Ulaya, ulitolewa na lebo ya Kampala. Kufikia hapo harusi za uswahilini zilikuwa zimekwisha kuvunja viti vya kukodi kwa muziki huo. Kinachoniudhi ni jamaa zangu walioanza kuiheshimu siku walipoona video ya watu wa Poland wakiirukia.

"Katuni ni za watoto"

Nani alikuwa akimnunulia mtoto gazeti? Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau, aliwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili ya Kenya kwa zaidi ya miaka 50, na waliokuwa wakimsoma ni watu wenye wake na madeni kama yeye. Jarida la Sani la Tanzania nalo, ukimwachia mtoto katuni zake za Ndumilakuwili, itakubidi ueleze mengi.

"Usipoelewa, huwezi kufurahia"

Watu humtaja mwandishi Euphrase Kezilahabi wakishika kichwa. Riwaya yake *Nagona* ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa 100, na nimeona wasomaji hodari wakikirudisha rafuni katika ukurasa wa kumi. Si kwamba mwandishi hakujua kusimulia hadithi iliyonyooka. *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 imenyooka kama reli. Aliamua kupinda, kama yule mchongaji.

Mimi hukisoma kwa sauti, kurasa tatu nne, nikiacha picha zipite. Tulipokuwa wadogo tukisimuliwa habari za zimwi lenye mdomo kisogoni, hakuna aliyeuliza linamezaje. Tulisogea karibu na moto. Na mashairi ya Kezilahabi ya *Kichomi*, yaliyotoka 1974 bila vina wala mizani, yaliwakasirisha watu waliosema hayo si mashairi. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni, na wanafunzi huyaogopa kwa ajili ya mtihani tu.

Wala usidhani napenda kila kisichoeleweka. Nina nyimbo za singeli ninazozizima kabla hazijaanza vizuri, na nimeona vinyago ambavyo mchongaji alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Shangazi alikaa wiki mbili. Asubuhi ya kuondoka aliuliza dude nimelinunua bei gani.

"Elfu sitini."

"Na jicho lenyewe moja," akasema, akanipa kikapu nimbebee.