Mikoko ya Wami haili chumvi

Nimelisikia tena, safari hii kwa mtu wa umwagiliaji: maji ya mto Wami yakishafika Saadani, pwani ya Tanzania, "yanapotea baharini", na mikoko haiyahitaji kwa kuwa chakula chake ni chumvi. Hapana! Mikoko huvumilia chumvi, haishibi chumvi.

Fika kwenye mlango wa Wami, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mto unashusha maji na tope kutoka milima ya Morogoro, na hapo mikoko hurefuka. Kisha pita nyuma yake hadi kwenye jangwa la chumvi. Huko hufika bamvua peke yake, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Jua likikausha maji, chumvi inabaki, na udongo unakuwa mkali kuliko bahari yenyewe. Utakuta mchu tu, aina mojawapo ya mikoko, tena umedumaa. Chumvi ingekuwa chakula, mchu huo ungeipita miti yote kwa urefu.

Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Aina iitwayo mkoko hasa huizuia sehemu kubwa mizizini. Mchu huzuia nyingi, inayopenya huitoa kwa majani: pitisha kidole kwenye jani lake mchana wa kiangazi, punje nyeupe zitaganda, na ukilamba utajua ni nini. Kazi yote hiyo inakula nguvu ambayo ingekwenda kwenye shina.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kwenye majaribio, mchu mara nyingi hustawi zaidi penye chumvi kidogo kuliko kwenye maji baridi matupu. Je, ni hitaji la kweli? Wataalamu bado wanabishana, nami sijaridhika na upande wowote. Lakini "kidogo" hapo ni chini ya ile ya bahari, kwa hiyo ubishi huo haumsaidii mtu wa umwagiliaji.

Na ile picha ya aina za mikoko kujipanga kwa mistari iliyonyooka toka baharini kwenda bara, mlilana mbele, mkoko katikati, mchu nyuma, msiitegemee sana mtoni. Ukipanda na mto, miti inachanganyika, na msikundazi, aina nyingine ya mikoko, unatokea pale chumvi inapopungua.

Maji ya masika huisukuma chumvi nyuma, huleta tope linaloshika mizizi, na kamba waliokulia kwenye vijito vya mikoko hutoka kuelekea baharini, wanakosubiriwa na wavuvi wa Saadani na Bagamoyo. Anayepima maji ya kuchota huko juu aanzie hesabu yake hapa chini, tena kwa kipimo cha kiangazi, mto ukiwa mwembamba na bahari ikipanda ndani.